Kumuenzi Semzaba, Singida iwape walimu wake kazi ya kuandika

Wengi waliosoma sekondari Tanzania wanamjua Edwin Semzaba kupitia Ngoswe, yule karani wa sensa aliyeingia kijijini na makaratasi ya serikali, akanogewa na pombe na binti wa mwenyeji wake, hata kazi aliyotumwa ikamharibikia mikononi. Tamthiliya hiyo, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, imefundishwa kwa miaka mingi, na mitaani hata asiyewahi kuishika husema ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Wanaomkumbuka Semzaba kama mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni wachache kidogo. Wanaojua kwamba mwaka 2008 mwalimu huyo aliwaandikia watoto riwaya ya Marimba ya Majaliwa ni wachache zaidi, hasa huku kwetu mikoa ya kati. Alifariki dunia mwaka 2016, na tangu hapo amekuwa akitajwa kwa heshima katika makongamano ya wanazuoni. Heshima hiyo ni njema, lakini haimfikii mtoto wa darasa la nne wa Nduguti au Itigi ambaye ndiye aliyeandikiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba mwalimu aliyegeuka mwandishi wa watoto huenziwa kwa mambo mawili: kitabu chake kumfikia mtoto, na walimu waliobaki darasani kupewa nafasi ya kufanya alichofanya yeye. Singida ina sababu, malighafi na uwezo wa kuyaanza yote mawili.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana ndani yake mna somo. Marimba ya Majaliwa ni hadithi ya mtoto mpiga marimba anayeizunguka Tanzania akikisaka chombo chake kilichopotea. Ni safari ya maajabu, na humo msomaji anapita mikoani, anakutana na milima, maziwa, watu na desturi, kisha anafika mwisho akiwa ameijua nchi yake bila kukaririshwa orodha ya mazao ya biashara. Mwandishi asiyewahi kushika chaki angeweza kubuni safari hiyo, lakini inaelekea asingeipima kwa kipimo kilekile. Anayefundisha kila siku anajua ni lini wanafunzi wanaanza kuchungulia dirishani, na anajua kuwa jambo zito huingia vizuri likitanguliwa na kicheko. Ngoswe imejengwa kwa ujuzi huohuo. Wajibu wa mtumishi wa umma na maana ya kuhesabu watu ni mambo ambayo kwenye kitabu cha uraia yangekuwa aya mbili za kuchosha. Mwaka 2022 taifa lilipofanya sensa na mkoa wetu ukahesabiwa watu 2,008,058, kijana aliyesoma tamthiliya ile alikuwa tayari anaelewa kwa nini makaratasi ya karani hayachezewi.

Njia hii ya kuifundisha nchi kwa hadithi imewahi kutembea mbali sana na hapa. Mwanzoni mwa karne iliyopita chama cha walimu wa shule za msingi cha Sweden kilihitaji kitabu cha kuwafundisha watoto jiografia ya nchi yao. Hakikuunda kamati ya kuandika mihtasari. Kilimwendea Selma Lagerlöf, mwanamke aliyekuwa amefundisha shule ya wasichana katika mji wa Landskrona kwa miaka kumi kabla ya kuiacha kazi hiyo aandike. Lagerlöf alitumia miaka kadhaa kuchunguza wanyama, mimea na visasili vya majimbo ya nchi yake, na kati ya 1906 na 1907 akatoa hadithi ya Nils Holgersson, mvulana mtukutu aliyegeuzwa kibeti na kuzunguka Sweden akiwa mgongoni mwa bata bukini. Kitabu kilichoagizwa kama cha shule kikasomwa duniani kote, na mwaka 1909 mwandishi wake akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Anayekitazama kitabu hicho na cha Semzaba ataona undugu wa wazi: mtoto, safari, nchi nzima. Funzo kubwa zaidi kwetu, hata hivyo, ni kwamba walimu wenyewe, kupitia chama chao, ndio walioagiza. Walijua wanachokosa darasani, wakamtafuta mwenzao mwenye kipaji, wakampa kazi.

Huku kwetu njia imekuwa nyingine. Tangu sera ya 1991 ilipofungua milango ya uchapishaji kwa kampuni binafsi, vitabu vya shule viliandikwa kwa ushindani na kupitishwa na kamati ya ithibati. Makosa yaliyobainika katika vitabu hivyo yaliudhi wabunge na wazazi, kamati ikavunjwa mwaka 2013, na kazi ya kuandika vitabu vya kiada ikarudi Taasisi ya Elimu Tanzania. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo ni rahisi kukihariri, kukisambaza na kukisahihisha. Lakini kitabu cha kiada si kitabu cha hadithi. Mtoto hujifunza sauti za herufi kwa kiada, na hujifunza kupenda kusoma kwa ziada, yaani kitabu anachokichukua bila kuulizwa maswali mwishoni. Vitabu hivyo vya ziada vilibaki mikononi mwa wachapishaji binafsi ambao soko lao ni Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kwenye shule za kulipia na wazazi wenye fedha za kwenda duka la vitabu. Mwandishi anayeishi Kiomboi au Manyoni yuko mbali na mhariri, mbali na mchoraji, mbali na mtambo, na hakuna anayemngoja.

Mtu anaweza kuuliza kama jambo hili ni la haraka kiasi hicho. Jibu liko kwenye matokeo ya tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika nyumba kwa nyumba mwaka 2010. Taarifa zake za mwanzo zilionyesha kuwa kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali haikupuuza. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguziwa mzigo ili uelekee Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, walimu wakapewa mafunzo, na Singida ikaingizwa katika miradi ya kuinua elimu ya msingi, Shule Bora ikiwa mmojawapo. Kazi hiyo yote inalenga kumwezesha mtoto kusoma. Swali linalobaki ni atasoma nini akishaweza. Mtoto aliyejua kusoma akakosa cha kusoma husahau haraka, na hasa katika vijiji ambako karatasi pekee yenye maandishi nyumbani ni mfuko wa mbegu za alizeti na tangazo la kampeni. Ndiyo maana vitabu vya hadithi haviwezi kuwa jambo la baada ya madawati na vyoo kukamilika, kana kwamba ni mapambo ya jengo lililokwisha.

Basi kwa nini mwalimu, na kwa nini wa Singida? Kwanza, kwa sababu ya lugha. Watoto wengi wa mkoa huu huja darasa la kwanza wakiwa na Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo au Kihadzabe vinywani, na Kiswahili wanakifahamu kwa viwango tofauti. Mwandishi aliyeko Dar es Salaam huwaza mtoto wa Dar es Salaam: daladala, foleni, bahari, maandazi ya asubuhi. Hakuna ubaya mtoto wa Mkalama kusoma kuhusu bahari. Ni vizuri ajue. Tatizo ni pale anapokuwa hajui kusoma sawasawa na wakati huohuo hajui kinachosemwa. Anapambana na vitu viwili kwa pamoja, akishindwa kimoja anaonekana ameshindwa vyote. Mwalimu anayemfundisha ndiye anayejua sentensi gani ya Kiswahili itamkwaza na ipi itamfungulia mlango, kwa kuwa huzisikia zikikosewa kila siku. Anajua pia kwamba mtoto huyo hajifungui mbele ya hadithi ya friji na lifti, ila ukimtajia ndama aliyepotelea mbugani Wembere atauliza mwenyewe kama alipatikana.

Pili, kwa sababu ya malighafi, na hapa mkoa umejaliwa kuliko unavyojidhania. Mashabiki wa mpira huingia kila msimu katika uwanja wa Liti mjini Singida, uliojulikana zamani kama Namfua, lakini ni watoto wangapi wanaoweza kueleza Liti alikuwa nani? Masimulizi ya wazee yanamtaja kuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani, na kwamba silaha yake iliyowatimua askari ilikuwa nyuki. Hadithi yenye shujaa wa kike, askari wenye bunduki na kundi la nyuki haihitaji kutiwa chumvi ili imshike mtoto wa miaka tisa. Tuna pia dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, iliyoanza kuchimbwa enzi hizohizo za Wajerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walipozingirwa wasiweze kupata sarafu kutoka kwao, dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, zikiwa na picha ya tembo. Leo zinatafutwa na wakusanyaji wa sarafu duniani kote. Mtoto anayepanda mlima Sekenke ndani ya basi la Nzega hana kitabu cha kumwambia kwamba ardhi hiyo iliwahi kulipia vita.

Orodha inaendelea: maji ya chumvi ya Singidani na Kindai na ndege wanaotua humo, kichaka cha Itigi ambacho wanasayansi wa mimea hukihesabu kuwa cha pekee, Wahadzabe wa Mkalama wanaowafuata ndege wa asali porini, reli ya kati iliyopita Manyoni kuelekea Tabora kabla ya Vita Kuu, na sasa reli mpya inayofuata njia hiyohiyo. Mtaala unamtaka mtoto ajifunze mazingira yake, historia ya jamii yake na urithi wa utamaduni wake. Mwalimu hubaki na kitabu cha taifa kinacholazimika kutaja kila mkoa kwa mistari michache, kisha anatakiwa ajaze mwenyewe kwa mdomo. Wengi wao hujaza vizuri. Lakini kinachosemwa kwa mdomo Kinampanda hakifiki Mgandu, na mwalimu akihamishwa huondoka nacho. Kitabu kingekibakiza kikafundishwa na atakayemfuata, akakisahihisha, akakiongezea. Semzaba aliizungusha hadhira yake nchi nzima kwa kitabu kimoja. Swali kwa Singida halihusu kurasa ambazo mkoa umepewa katika vitabu vya wengine. Linahusu kurasa ambazo mkoa umeandika wenyewe.

Kuna watakaopinga kwamba Semzaba si kipimo cha haki. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, msomi wa tamthiliya, mwigizaji na mwongozaji. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa la watoto wengi na madaftari ya kusahihisha usiku atalinganishwaje naye? Pingamizi hili lina uzito, na sitalipunguza. Si kila mwalimu ni mwandishi, kama ambavyo si kila mwimba kwaya ni mtunzi. Mkoa wenye halmashauri saba na mamia ya shule hauhitaji kila mwalimu aandike. Unahitaji wachache wenye kipaji watambuliwe na wapewe muda, mhariri na mchoraji. Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba wachache hao wanaweza kutoka mbali na vyuo vikuu vikubwa. Asenath Bole Odaga wa Kenya, aliyezaliwa 1937 na kufariki 2014, alianza kama mwalimu wa shule katika Nyanza. Alikusanya ngano za Wajaluo, akawaandikia watoto kwa Kiingereza na Kijaluo, kisha akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji mjini Kisumu. Kisumu ya wakati huo haikuwa kitovu cha uchapishaji. Ilikuwa na mwalimu aliyejua wasomaji wake wako wapi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa fasihi wenyewe: kwamba walimu wakiandika hadithi huhubiri. Kila mtoto mtoro huliwa na fisi, kila mtiifu hupata ufadhili wa masomo, na msomaji anaujua mwisho tangu ukurasa wa pili. Ni kweli, vitabu vya namna hiyo vipo vingi, na vimechosha watoto. Lakini chanzo cha mahubiri hayo kinastahili kutazamwa vizuri. Mwalimu anayeandika peke yake, bila mhariri, akijua kwamba mswada wake utapimwa kwanza kwa maadili yake kabla ya utamu wake, ataandika anachodhani wakaguzi wanakitaka. Semzaba naye alikuwa na mafunzo ya kutoa, ila alikuwa ametoka jukwaani, ambako hadhira ikichoka inaonekana. Dawa ya mahubiri ni wasomaji. Mswada usomwe kwa sauti mbele ya darasa kabla haujafika kwa afisa yeyote, na pale watoto wanapoanza kusukumana kwenye dawati, pakatwe. Hakuna mwandishi wa kitaaluma mwenye jopo la majaribio karibu naye kama mwalimu alivyo nalo kila asubuhi.

La tatu ni la fedha, na ndilo litakalotajwa kwanza kwenye kikao chochote cha baraza la madiwani. Shule zina upungufu wa madarasa, nyumba za walimu na matundu ya vyoo. Vitabu vya hadithi vitatoka wapi? Ieleweke kwamba fedha za vitabu hazijawahi kukosekana kabisa katika nchi hii. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule za msingi imepangiwa Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hutengwa kwa ajili ya vitabu. Kabla ya hapo, fidia ya pauni milioni 29.5 iliyolipwa na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kutokana na sakata la ununuzi wa rada ilielekezwa kwenye vitabu na madawati. Yaani taifa limewahi kununua vitabu kwa mkupuo mkubwa. Vilikuwa vya kiada karibu vyote, na ni sawa, kwa sababu pengo lilikuwa huko. Linalopendekezwa hapa ni dogo mno kwa kulinganisha: vitabu vichache vyembamba vya hadithi kila mwaka kwa mkoa mzima, vyenye kurasa zisizozidi 32, michoro ya wasanii wa hapahapa, na idadi ya nakala inayotosha kila shule ipate za kusomwa kwa makundi. Gharama yake haifikii ya kujenga hata shule moja, na hudumu miaka kadhaa ikiwa kuna kabati na mtu wa kulisimamia.

Namna ya kufanya nayo haihitaji kubuniwa upya. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanzishwa 1991 kwa msaada kutoka Kanada uliigundua zamani: mchapishaji haogopi mswada mzuri, anaogopa soko. Mradi ulimhakikishia kwamba sehemu ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa shuleni, naye akajasiri kuchapa kwa Kiswahili vitabu ambavyo visingechapwa. Waandishi na wachoraji wakapewa warsha, na vitabu vingi vya hadithi vikafika vijijini. Halmashauri za Singida zinaweza kufuata mkondo uleule kwa kiwango chao. Zitangaze kwa pamoja kwamba zitanunua, kwa mfano, vitabu vinne vya hadithi kwa mwaka vyenye mandhari ya mkoa na kuandikwa na walimu wa mkoa, vikishapata ithibati ya Taasisi ya Elimu kama vitabu vya ziada. Mchapishaji akisikia tangazo hilo atakuja mwenyewe. Vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambavyo tayari hufanyika katika shule na vituo vya walimu, vitoe siku moja kwa mwezi ya kusomana miswada. Chuo cha Ualimu Kinampanda kiwafundishe wanachuo kutunga hadithi ya kurasa kumi kabla hawajaenda mazoezi ya kufundisha, na Chama cha Walimu mkoani kifanye walichofanya wenzao wa Sweden: kiagize.

Hofu moja inabaki, nayo ni ya haki: kwamba mwalimu akiwa na kitabu chake atawalazimisha wanafunzi wakinunue, au mkuu wa shule atamwona mwandishi kama mtu anayekimbia vipindi. Mpango wa kununua kwa pamoja unaiondoa hofu ya kwanza, kwa kuwa kitabu kinalipwa na halmashauri kupitia mchapishaji na hakipiti mfukoni mwa mzazi. Marufuku ya mwalimu kuuza kitabu chake katika shule anayofundisha iandikwe kwenye mkataba. Hofu ya pili inahitaji uongozi. Mwalimu anayefundisha mpira wa miguu hadi timu ya shule ikafika mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, hupongezwa na afisa elimu, wala hakuna anayesema amekimbia vipindi. Anayeandika kitabu kinachosomwa na shule zote za mkoa amefundisha watoto wengi kuliko darasa lake litakavyowahi kubeba, na tathmini ya utendaji wake ionyeshe hivyo.

Dalili njema zimeanza kuonekana kitaifa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikaongeza hadithi za watoto. Ni jambo la kupongezwa kwamba tuzo yenye jina la mtu aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na bado akapata muda wa kutafsiri tamthiliya za Shakespeare kwa Kiswahili, imemkumbuka mtoto. Lakini tuzo humkuta mwandishi akiwa tayari ameandika. Anayeshinda ni yule aliyepata muda, kompyuta, na mtu wa kumsomea mswada kabla ya tarehe ya mwisho. Mwalimu wa Rungwa hayuko katika mbio hizo, hata kama ana hadithi bora kuliko ya mshindi. Kazi ya mkoa ni kumsogeza hadi mstari wa kuanzia. Vilevile wako wanaosema kwamba zama za kitabu zimepita, kwamba watoto sasa wanajifunza kwa katuni za televisheni na simu. Ubongo Kids imeonyesha tangu 2014 kwamba katuni ya Kiswahili iliyotungwa vizuri hufundisha kweli. Katuni hiyo nayo huanza na mtu aliyeketi akaandika hadithi, na mtoto asiye na umeme nyumbani bado anaweza kusoma kitabu saa kumi jioni chini ya mti.

Wapo pia watakaosema Semzaba hakuwa mwana wa Singida, kwa hiyo mkoa una deni gani kwake? Mtu aliyewapa watoto wa Tanzania riwaya inayotembea nchi nzima hakuiandika kwa ajili ya wilaya aliyozaliwa. Deni letu kwake linalipika kwa hatua ambazo hazingoji bajeti mpya: maktaba ya mkoa na kila kituo cha walimu viwe na nakala za Marimba ya Majaliwa, walimu wa Kiswahili wa darasa la tano na la sita wakisome na wanafunzi wao muhula mmoja, na mwisho wa muhula kila shule iwaandikishe watoto sura ambayo Majaliwa anasakia marimba yake katika kata yao. Sura bora za kila halmashauri zikusanywe, na walimu waliozisimamia waitwe mjini Singida kwa warsha ya siku tatu pamoja na mhariri mmoja na wachoraji wawili. Afisa elimu mkoa anaweza kutoa waraka huo wiki hii. Katika walimu watakaoitwa, wawili au watatu wataonekana kuwa waandishi, na hao ndio wapewe mkataba wa kitabu cha kwanza.